Westerly Centaur kama nyumba ya wikendi: boti ya zamani, tope la Emsworth na hesabu ya maji

Wacha niseme mapema nisiwapotezee muda. Kama unaishi London au karibu nako, una familia ndogo, unatamani kajumba ka pwani ka kukimbilia Ijumaa jioni lakini bei za nyumba za ufukweni huku Uingereza ukiziona unafunga simu, basi Westerly Centaur iliyofungwa kwenye boya la matopeni ndo njia ya bei nafuu kuliko zote nilizoziona mimi. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imechukuliwa na unyevu, nitafika huko.

Kwanza chombo chenyewe. Centaur ni boti ya matanga ya faiba, ilichorwa na ofisi ya Laurent Giles, ikaanza kuundwa 1969 ikaendelea mpaka 1980, zikatoka zaidi ya 2,000, ndo maana ukizunguka mahori (vijimkono vya bahari vinavyoingia nchi kavu) ya kusini mwa Uingereza hukosi kuziona mbili tatu zimekaa. Kampuni ya Westerly haipo tena ila boti zake zipo tele. Urefu futi 26, yaani mita 7.92, upana mita 2.57, uzito kama tani tatu. Ndani mtu wa futi sita kasoro anasimama bila kuinama, na hilo kwa boti ya urefu huu si jambo dogo, manake boti nyingi za rika lake unaingia kwa magoti.

Uzuri wake uko chini lakini. Badala ya mkuku (uti wa chini ya chombo) mmoja mrefu wa katikati hii ina mikuku miwili mifupi ya chuma, mmoja kila upande, na kina inachohitaji ili ielee ni mita 0.91 tu. Maji yakipwa haianguki ubavu. Inakaa wima juu ya tope, meza sawa, sufuria sawa, watoto wanaendelea kulala hata hawajui kwamba chombo kimeshapwelewa. Sie tuliokulia pwani tumezoea kuona dau likipwelewa linalala upande, na jahazi likitaka kupakwa shahamu linategemezwa magogo huku na huku lisianguke, sasa hii haitaki gogo wala kamba, inajikalia yenyewe kila siku mara mbili msimu mzima.

Na hapo ndo hesabu ya pesa inapoanzia, kwa sababu huku kinachokula hela si boti, ni mahali pa kuiweka. Boti yenyewe mimi niliipata kwa pauni 4,200 ikiwa na matanga mazima na injini inayowaka. Nafasi ya marina yenye gati la mbao, umeme, bomba la maji na bafu, kwa boti ya mita nane maeneo haya ya Solent (mkondo wa bahari kati ya kusini mwa Uingereza na Isle of Wight), jiandae na kama pauni elfu nne kwa mwaka au zaidi, yaani kila mwaka unanunua boti nyingine. Lakini boya la sehemu inayokauka maji yakipwa ni mia kadhaa tu, kwa sababu wenye boti za mkuku mmoja mrefu hawaliwezi hawalitaki. Mikuku miwili ndo inakupa haki ya kukaa pale ambapo wengine hawawezi, na kwa kweli hakuna kitu kingine kwenye boti hii kinacholeta faida kama hicho.

Sisi tuko Emsworth, mji mdogo wa pwani ya kusini, kichwani mwa mojawapo ya mahori ya Chichester Harbour. Kushoto unapotazama bahari ni Thorney Island, kulia ni Hayling Island, na sehemu za juu za hori maji yakitoka hubaki tope tupu na vijito vyembamba. Kutoka London unapanda treni Waterloo mpaka Havant halafu unaunganisha, Emsworth iko karibu sana na hapo, na kutoka stesheni unatembea mpaka majini mkoba mgongoni. Hakuna haja ya gari. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wananunua boti mbali kwa kuwa bei iko chini, halafu Ijumaa wakitoka kazini wakikumbuka masaa manne ya barabara wanasema wiki ijayo, na wiki ijayo hivyo hivyo, mpaka boti inaota majani.

Sasa maji. Hii ndo sehemu ambayo muuzaji hakuelezi vizuri na ndo inayoamua kama utafurahia au utachukia. Boya letu lina maji ya kutosha kwa takriban masaa mawili na nusu kabla ya kujaa na masaa mawili na nusu baada ya kujaa. Nje ya hapo hupandi wala hushuki. Ukiwa ndani umo ndani, ukiwa nchi kavu uko nchi kavu. Tope la pale si la kutembea, usimwamini mtu anayekuambia vaa tu mabuti, linameza mguu mpaka gotini na maji yakianza kurudi yanarudi haraka kuliko unavyojinasua. Kwa hiyo maisha yako yote ya wikendi yanafuata jedwali la maji, na mtu wa pwani hapo ana faida kubwa kwa sababu bamvua (siku maji yanajaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanajaa na kupwa kidogo) hatufundishwi, tumezaliwa nayo.

Lakini kuna tofauti ya kuijua. Mombasa bamvua hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Huku bamvua hujaa mida ya saa sita, mchana na usiku wa manane. Maana yake wikendi ya bamvua Ijumaa jioni unafika Emsworth unakuta tope, unasubiri mpaka saa tatu na nusu au saa nne usiku ndo upige makasia gizani na watoto wamesinzia, au unalala nyumbani London unakuja Jumamosi kukaribia adhuhuri. Wikendi ya maji mafu ni kinyume chake, maji yanajaa mida ya saa kumi na mbili na saa moja, unashuka kwenye treni unakuta hori limejaa, unaingia boti kabla jua halijazama, na Jumapili jioni maji yanakungoja tena wakati wa kuondoka. Mie siku hizi kalenda yangu ya kazi naichora kwa maji mafu kwanza. Mke wangu ndo mwenye jedwali kwenye simu, utamsikia Ijumaa mchana, "Baba watoto, maji ya leo mwisho saa tatu na nusu, ukichelewa treni ya saa kumi na moja na nusu tusiende tena." Na kweli, tukichelewa hatuendi.

Masaa ya maji kupwa ndo niliyoyaogopa kabla ya kununua, nikidhani tutajiona tumefungiwa, na yamekuwa ndo masaa tunayoyapenda zaidi. Hakuna mtu anaweza kuja na wewe huwezi kwenda popote. Simu inashika vizuri kwa hiyo ukitaka intaneti ipo, ila sheria yetu chombo kikipwelewa simu zinaingia kabatini. Ndege wanashuka kwenye tope hapo hapo mita chache kutoka dirishani, yangeyange wamo, na kuanzia Oktoba wanakuja bata bukini weusi kutoka Siberia, makundi makubwa, wanakaa mpaka Machi, sauti zao usiku utafikiri watu wanabishana mbali. Sili nao wamo Chichester Harbour, hawaji mpaka juu tuliko sisi lakini ukishuka na boti kuelekea mlangoni unawakuta wamelala kwenye kingo.

Ndani kukoje? Kwa karatasi Centaur ina vitanda sita. Usiende na watu sita. Watu wazima wawili na watoto wawili ndo inapumua, hapo omo, yaani mbele, ni chumba cha watoto, katikati kuna choo upande mmoja na kabati la nguo upande wa pili, kisha sebule yenye meza ambayo ukiishusha na kupanga matakia inakuwa kitanda cha watu wawili. Ubaya wa mpango huo ni kwamba kila usiku unavunja sebule na kila asubuhi unavunja chumba cha kulala, na matandiko yanahitaji pahala pa kukaa mchana, sisi tunayasukuma omo juu ya kitanda cha watoto. Madirisha ni makubwa, mwanga mwingi, hilo limenishangaza kwa uzuri. Magodoro ya asili ni membamba, nunua sponji nzito ukate mwenyewe kwa kisu cha mkate, mgongo utakushukuru.

Jiko ni la sahani mbili na grili chini. Jumamosi asubuhi ni mahamri na mbaazi, mbaazi tunakuja nazo zimeshapikwa na kugandishwa nyumbani kwa hiyo kwanza zinafanya kazi ya barafu kwenye boksi la baridi halafu zinaliwa. Friji hatuna. Betri moja ya ampea-saa mia na paneli ndogo ya sola vinatosha taa za LED, kuchaji simu na feni, lakini friji kwenye boya bila umeme wa nchi kavu ni mateso, achana nayo. Maji ya kunywa tunapanda nayo kwenye madumu.

Gesi niiseme kwa herufi nzito hata kama hapa siwezi kuandika nzito. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haitoki dirishani, inashuka inajaa ngamani (chini kabisa ndani ya chombo), na cheche moja ya swichi inatosha. Nyumbani kwenye jiko la nchi kavu inapata mlango wa kutokea, kwenye boti haina. Mtungi ukae nje kwenye kabati lake lenye tundu la kutolea gesi baharini, bomba la mpira likifika tarehe yake libadilishwe bila kuuliza bei, na valvu ya mtungi ifungwe kila mkimaliza kupika, si usiku tu. Halafu usitumie jiko la kupikia kama hita. Kabini imefungwa, baridi nje, watu wanne ndani, moto unakula hewa na kutoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Alamu yake ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kama unanunua kitu kimoja tu kwa ajili ya boti mwaka huu nunua hiyo.

Choo. Watu hawapendi kuandika kuhusu choo lakini hii ni nyumba. Choo cha kawaida cha boti kinavuta maji ya bahari kupitia tundu lililo chini ya chombo, sasa chombo kikiwa juu ya tope hakuna maji ya kuvuta, na hata yangekuwepo, huwezi kutoa uchafu wako kwenye hori ambalo chaza wanaota na watoto wanaogelea. Tulikiondoa, tundu likazibwa na fundi, tukaweka choo cha kubebeka chenye tangi lake, kinamwagwa nchi kavu sehemu inayoruhusiwa. Kazi yake si nzuri, inafanywa na mtu mmoja na mtu huyo ni mimi, ila hori linabaki safi. Emsworth ni mji ulioharibikiwa kwa mambo hayo hayo, 1902 chaza wa pale waliochafuliwa na majitaka walipelekwa kwenye karamu Winchester watu wakaugua taifodi na wengine wakafa, akiwemo mkuu (Dean) wa kanisa kuu la Winchester mwenyewe, na biashara ya chaza ya mji ikaanguka. Kwa hiyo nikiona mtu anapampu choo chake majini pale huwa nashindwa kunyamaza.

Unyevu sasa, mwizi wa nyota. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi Septemba hamna shida, unafungua madirisha, upepo unapita, na Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku unakula chakula nje tezini, yaani nyuma ya chombo, bila taa. Oktoba mambo yanabadilika. Pumzi za watu wanne usiku mmoja zinageuka maji kwenye kuta za faiba na kwenye fremu za madirisha, asubuhi unapangusa kama unaosha, upande wa chini wa godoro umelowa. Kwenye gati la umeme ungeweka mashine ya kukausha hewa, kwenye boya huna. Tumeweka vipande vya mbao chini ya magodoro hewa ipite, tumefunga hita ndogo ya dizeli yenye bomba lake la moshi la kutoka nje, imesaidia sana, lakini nisikudanganye, Novemba tunabeba magodoro yote tunarudi nayo London na boti inapandishwa nchi kavu kwa kreni mpaka masika. Anayekuambia anaitumia mwaka mzima kwenye boya kwa raha, mwulize kama ana watoto wadogo.

Na ieleweke ni nyumba ya wikendi, si ya kuhamia. Mkataba wetu wa boya unasema wazi hakuna kuishi humo, kulala usiku mbili tatu sawa, kuweka anwani hapana. Nataja kwa sababu wadau wawili watatu wameshaniuliza kama wanaweza kukwepa kodi ya nyumba London kwa kununua boti, jibu ni kwamba kwa boya la namna hii hapana, kuna wanaoishi kwenye boti za mifereji lakini huo ni ulimwengu mwingine na gharama nyingine.

Safari ya hatari kuliko zote ni ile fupi, kutoka nchi kavu hadi boyani kwenye dingi, kijiboti cha makasia. Mikoba, watoto, giza, upepo unapingana na maji, na dingi ya mpira haina uzito. Jaketi la kuokolea linavaliwa nchi kavu kabla ya kuingia, watu wazima wa kwanza, na maji ya huku hata Julai si maji ya Nyali, ukitumbukia baridi inakukata pumzi kabla hujaanza kuogelea. Tukiona upepo umezidi tunalala kwenye nyumba ya wageni mjini au tunarudi. Hilo haliongeleki.

Kusafiri nayo nitapita haraka. Inakwenda mbele ya upepo vizuri, kwenda goshini, yaani upepo unakotoka, ni nzito na inateleza pembeni, ni bei ya ile mikuku miwili mifupi. Ndani ya Chichester Harbour mwendo mwisho ni noti nane (maili nane za baharini kwa saa) kwa hiyo hakuna wa kumuonea wivu. Mlangoni kuna fungu la mchanga, upepo mkali wa kusini ukikutana na maji yanayopwa hapo panageuka pabaya kabisa, usitoke. Siku tulivu unavuka mpaka Isle of Wight, na watoto wanaona wamesafiri nchi.

Kwa gharama za mwaka, ukiacha boya, weka bima, weka ushuru wa bandari, weka kreni, weka rangi ya chini ya kuzuia majani na viumbe vya bahari kuota, na weka fungu la kitu kitakachoharibika. Boti ina umri wa miaka hamsini, dari ya vinyli inaachia kwa sababu sponji ya nyuma imekuwa unga, mipira ya madirisha imekauka. Henza nazo (kamba za kupandishia matanga) zikipiga mlingoti usiku hulali, zifunge mbali na mlingoti kwa kamba ya mpira. Ukijumlisha yote bado kwetu ni chini ya kile ambacho familia ya watu wanne inalipa kwa wiki mbili tatu za nyumba ya kupangisha ya pwani mwezi wa Agosti.

Ukienda kuangalia ya kununua, nenda maji yamepwa, uione imekaa. Kama ilipokaa ni pagumu, si tope la kumeza mguu, piga magoti uangalie mikuku inapoungana na chombo, boti za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kuchoka hapo, kwa hiyo tafuta kutu inayochuruzika na nyufa kwa nje, halafu ingia ndani ufungue mbao za sakafu uangalie ngama juu ya boliti za mikuku. Kama ngama ina maji, yaonje, ya chumvi yametoka chini na ya mvua yametoka juu. Uliza kama iliwahi kuongezewa nguvu hapo na nani, na uombe karatasi. Injini nyingi za asili ni Volvo Penta za zamani na spea zake ni ghali, iliyobadilishwa injini ina thamani zaidi hata kama mbao za ndani zimechakaa. Mlipe mkaguzi hata kama boti ni ya bei ya chini, kampuni ya bima ilinitaka ripoti yake kabla ya kunikubali.

Lakini kabla ya kuangalia boti yoyote, pigia simu wenye maboya wa hori unalolitaka. Sehemu nyingi boya halihamii kwa mnunuzi pamoja na boti, na kuna orodha ya kungojea. Jiandikishe leo, boti za Centaur zitakuwepo tu.